Makochi ya Karani Yaliyolia Mbele ya Wakwe

ARUA, Uganda, Septemba 1994. Saa moja asubuhi Mariam Poni yuko kazini, na kazi yenyewe ni kukaa.

Amejifunga shuka jeupe kiunoni, juu ya gauni lake. Anashusha uzito wote kwenye kochi la kwanza, anaegemea kushoto, anaegemea kulia, kisha anatulia kama kuku anayeatamia. Anasimama, anazungusha shuka mpaka sehemu ya nyuma ije mbele, na kulitazama kwenye mwanga wa dirisha. Jeupe. Anahamia kochi la pili.

"Huwezi kuuliza kiti kama iko kavu," anasema bila kugeuka. "Kiti inadanganya mkono. Makalio haidanganyi."

Hapa ni Arua Hill, ndani ya nyumba moja ya zamani ya serikali, zile zenye madirisha marefu na sebule ya kutosha kuchezea mpira. Mwenye nyumba, Kasimiro Draku, karani wa mahakama, amesimama mlangoni na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa. Anauliza tena kama yamekauka. Mariam anamwomba akae mwenyewe aone. Draku anasema anapendelea kusimama.

Ana haki yake. Saa nane mchana wazee kutoka Dadamu watakuja kuzungumza mahari ya binti yake, Rosina. Ni mara ya pili. Mara ya kwanza, mwezi uliopita, wazee hao hao walikalia makochi haya haya, yaliyooshwa na mama huyu huyu, na uchumba ukakaribia kuzikwa siku ile ile.

Makochi yakiharibu tena leo, Rosina hana mume na Mariam hana kazi. Tangu habari zilipotoka, hakuna nyumba hata moja ya kilimani iliyomwita hata kufuta vumbi.

Na mambo yote haya yaliletwa na majivu.

Mariam, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, ni Mkakwa wa Midia, Koboko. Baba yake alikuwa sajenti. Katika Koboko ya wakati ule, kusema baba yako ni mwanajeshi ilikuwa kama kusema baba yako ana pua.

Mwaka 1979 serikali ilipoanguka, pua zote hizo zilitafuta mpaka ulio karibu. Familia ya Mariam ilitembea hadi Yei, upande wa Sudan, ikiwa na godoro moja na jogoo aliyewika njia nzima, mpaka akaliwa kwa sababu za kiusalama.

Huko Yei alipata kibarua kwenye nyumba ya wageni. Kulikuwa na makochi ya sponji, kulikuwa na wageni waliojipaka mafuta kichwani, na hakukuwa na sabuni.

"Sabuni tulikuwa tunasikia kwa redio tu," anasema. "Mwenye nyumba akaniambia, mwanamuke wa Koboko hakosi kombo, basi jaribu hiyo."

Wasomaji wa mbali wasishtuke. Kombo si makombo, na hakuna aliyesugua kiti cha mtu kwa mabaki ya ugali. Kombo ni chumvi ya majivu. Mabua ya ufuta, maganda ya maharage na ya ndizi huchomwa. Majivu yake hutiwa ndani ya chungu kilichotobolewa chini, maji yakamiminwa juu, na kile kinachodondoka, chenye rangi ya chai isiyo na maziwa, huchemshwa mpaka kibaki kitu cha kijivu kinachouma ulimi. Wapishi wa Koboko hukitia kwenye bamia na majani ya kunde yapate kulainika. Mariam alikitia kwenye makochi, na mafuta ya vichwa vya wageni yakaachia bila kubishana.

Alirudi nyumbani mwaka 1987. Mumewe, dereva wa lori, alirudi naye lakini hakukaa. "Lori iko na barabara mingi," ndiyo yote anayosema juu ya hilo.

Koboko ya wakati huo ilikuwa na watu wengi na makochi machache, maana mengi ya zamani yaliondoka mwaka wa vita, juu ya vichwa vya watu wasiojulikana. Mariam akashuka Arua, akapanga chumba mtaa wa Oli, akaanza kugonga milango ya maofisa akiwa na ndoo, gunzi la mahindi na safu ya vikopo.

Kila kikopo kina ugonjwa wake. Doa la mafuta hunyunyiziwa unga mkavu wa muhogo na kulala nao. Asubuhi unga umekunywa mafuta na unapanguswa. Doa la chai hupewa ndimu na chumvi. Nta ya mshumaa hupigwa pasi ya mkaa juu ya karatasi ya sukari mpaka ihamie kwenye karatasi. Uchafu wa jumla, ule wa miaka na miaka, ndio kazi ya kombo: huchanganywa na vipande vya sabuni ya mche, hupigwa mpaka povu lisimame lenyewe, na povu hilo husuguliwa kwa gunzi. Maji hubaki kwenye ndoo. Kwa kawaida.

Seti moja ni shilingi elfu tatu. Mwezi mzuri huleta seti saba au nane. Mwezi mbaya huleta ushauri.

Ushauri mwingi hutoka kwa wanaume wa sokoni, ambao wamempa jina la Daktari wa Makochi na hawachoki kumuuliza mgonjwa ameamkaje. Mmoja alimtania kwamba anaogesha viti vya matajiri ilhali watoto wa maskini hawajaoga. Mariam alimjibu huku akipita na ndoo yake: "Mutoto iko na miguu, anaweza kwenda mutoni. Kiti itaenda na nini?"

Sasa, makochi ya Draku yana historia ndefu kuliko watu wengi wa wilaya hii. Ni ya velveti nyekundu, yamejazwa sufi, na yalinunuliwa Kampala enzi ambazo karani aliweza kununua makochi Kampala.

Vita vilipofika Arua na mji ukakimbia, Draku hakuyaacha. Aliyavusha kwenda Zaire kwa baiskeli, moja moja, limefungwa nyuma kama mgonjwa anayepelekwa zahanati. Miaka sita ya uhamishoni makochi hayo yaliazimwa kwa kila harusi na kila msiba wa kijiji kile. Mbuzi alizalia kwenye mojawapo. Yaliporudi Uganda yalikuwa mekundu kwa kumbukumbu tu.

Kwa hiyo Anguyo, fundi redio wa Dadamu na mchumba wa Rosina, alipotuma salamu kwamba wazee wake wanakuja, Draku alimwita Mariam.

Mariam aliyatazama, akayanusa, akasema kombo ya kila siku haitoshi. Akatengeneza kali. Akaitia nyingi, tena si povu peke yake, bali na maji yake.

"Uchafu ya Zaire ilikuwa imeingia ndani kabisa," anaeleza. "Na mimi nikafuata yeye ndani."

Ilikuwa Jumatano. Alhamisi na Ijumaa jua lilipiga. Ijumaa jioni makochi yalikuwa makavu kama biskuti, wekundu umerudi, na Draku alipitisha mkono juu yake akatoa sentensi nzima ya sifa, jambo ambalo makarani hulifanya kwa nadra. Jumamosi kulikucha na mvua. Milango ikaachwa wazi kwa heshima ya wageni, na unyevu ukaingia nao bila kualikwa.

Mariam hakuwepo mchana huo. Yaliyofuata amesimuliwa na Rosina, na mengine aliyasikia baadaye Dadamu kwenyewe.

Wazee walikuwa watano, wamevaa suruali za kaki zilizopigwa pasi, wakiongozwa na Mzee Okuonzi, baba mkubwa wa bwana harusi. Waliketishwa kwenye makochi. Mazungumzo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Ng'ombe walitajwa, wakapunguzwa, wakakubaliwa.

Ilipopita kama saa nzima, Mzee Okuonzi alihisi kitu. Maji ya uvuguvugu, polepole, chini yake.

Mzee amevuka miaka sabini. Alipiga hesabu ambayo mtu yeyote wa umri wake angeipiga, na jibu halikumpendeza. Akabana magoti. Ubavuni mwake mdogo wake, Ocokoru, alikuwa akipiga hesabu ile ile. Na wa tatu. Na wengine wawili. Wazee watano, kila mmoja peke yake duniani na siri yake, wakawa wapole ghafla na kukubali kila kilichosemwa.

Kisha wakaombwa wasimame.

Ukoo wa Draku una desturi yake. Mbuzi wa kwanza wa mahari wakishafungwa uani, pande zote mbili husimama, hutoka pamoja na kuwashika masikio. Hapo ndipo neno linakuwa neno. Anayebaki ameketi amesema hapana, na hahitaji kufungua kinywa.

"Wakwe zetu, tusimame," alisema mdogo wake Draku, ambaye siku hiyo ndiye aliyekuwa msemaji wa familia.

Hakuna aliyesimama.

"Ninyi endeleeni," alisema Mzee Okuonzi. "Sisi tunaona kutoka hapa."

Kutoka pale, kupitia mlango wa nyuma, kilichoonekana kilikuwa mkia wa mbuzi mmoja.

Msemaji alirudia ombi lake, akaongeza adabu, kisha akaanza kuipunguza. Ocokoru alieleza kwamba miguu yake imelala. Wa tatu akasema hata yake. Draku alikuwa nyuma ya pazia, maana baba wa binti hapaswi kusema siku hiyo. Alisikia miguu kumi ya Dadamu imelala kwa pamoja, akaelewa kwamba anadharauliwa nyumbani kwake. Familia nzima ikaondoka sebuleni kwa hasira.

Wageni walipobaki peke yao, walitoka wakiambaa ukuta, migongo imeutazama, ubavu kwa ubavu kama kaa wa mto Enyau. Waliwaacha mbuzi. Hawakuaga.

Rosina aliingia sebuleni kulia. Alichagua kochi kubwa, alipokuwa ameketi Mzee Okuonzi, akalia kidogo, kisha akaacha. Akanyanyuka, akajishika nyuma. Akahamia kochi jingine, na jingine. Halafu akachukua mwavuli na kuteremka Oli.

Mariam anasema binti yule hakumgombeza. Alisimama tu mlangoni pa jikoni, maji yakimtiririka, akasema, "Mama Mariam, makochi yako yanalia kuliko mimi."

Mariam aligeuka. Juu ya kichanja chake kulikuwa na kopo la kombo lisilo na kifuniko. Juu ya kombo kulikuwa na maji, na hakuna mtu aliyeyatia.

Kila mpishi wa Koboko anajua jambo hili. Kombo ikiachwa wazi wakati wa mvua huvuta unyevu wa hewani mpaka inaloa yenyewe. Husemwa kwamba inalia.

"Mama yangu alinipiga juu ya hiyo," anasema Mariam. "Kombo inalia kwa kopo, hiyo najua toka mutoto. Kwamba inaweza kulia kwa kiti ya watu, hiyo sikufikiria." Miaka yote alikuwa ameosha kwa povu, juu juu, na kwenye sponji. Safari hii alikuwa amelisha sufi kombo ya kutosha kupikia kijiji.

Sababu ilikuwa imejulikana. Iliyobaki ilikuwa kuisema, na hapo ndipo palipokuwa pagumu.

Rosina hangeweza kwenda kwa wakwe ambao bado hawajawa wakwe. Draku alisema mtu aliyetukanwa haendi kumtafuta aliyemtukana. Na hata angepatikana wa kwenda, angesema nini? Utamwendeaje mzee wa watu, mwenye wajukuu, umwambie kwamba umekuja kwa habari ya suruali yake?

Jumatatu Mariam alifunga donge la kombo ndani ya kitambaa kikavu, akatembea kwenda Dadamu peke yake.

Alikuta nyumba yenye huzuni isiyo na maiti. Mzee Okuonzi alikuwa hajatoka nje tangu Jumamosi. Chai ameikataa. Mkewe alieleza kwamba mzee amefunga, ingawa Kanisa halikuwa limetangaza mfungo wowote. Jana yake alikuwa amewaita wanawe na kuwaonyesha mipaka ya shamba la muhogo, mti kwa mti.

Mariam alikaa chini mlangoni, kama inavyompasa mgeni. Alizungumza Kiswahili, kwa sababu Kilugbara chake ni cha kununulia samaki tu. Neno suruali hakulitaja, wala Jumamosi. Alifungua kitambaa.

"Mzee, hii nilifunga ikiwa kavu. Nimetembea na yeye toka Oli. Shika."

Mzee alishika. Vidole vyake vikarudi na maji.

"Mimi ndiye naosha kiti ya Karani," Mariam aliendelea. "Nilitia hii ndani yake, mingi. Mvua ikakuja, kiti ikalia."

Mzee Okuonzi alivinusa vidole vyake.

"Kiti," alisema.

"Kiti, Mzee. Si mutu."

"Kiti zote?"

"Zote."

"Hata upande ya Ocokoru?"

"Hata hiyo."

Mzee akaomba chai.

Kisha akatuma mtu amwite Ocokoru, anayeishi ng'ambo ya shamba, na alipofika akamuuliza mbele ya mgeni afya yake iko namna gani siku hizi. Ocokoru alijibu kwamba ni nzuri, ila kidogo tu. Mzee akampa kombo ashike. Ocokoru hakuhitaji maelezo marefu.

"Kumbe," alisema. "Mimi nilidhani ni wewe, kaka, imevuka ikakuja upande yangu."

Mkewe Mzee Okuonzi anasema ndugu hao walicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna jambo. Mariam hathibitishi. Yeye alikuwa akitazama chini.

Alipewa ujumbe wa kurudi nao. Dadamu watakuja tena, lakini watakalia makochi yale yale. Wakikalia viti vya kuazima, Arua nzima itasema wazee wa Dadamu walikimbia makochi. Na sharti jingine: siku hiyo, mama anayeosha awepo.

Draku aliupokea ujumbe huo vibaya. Alisema ni afadhali wakwe wakalie matofali kuliko mama yule aguse tena velveti yake. Hasira hiyo ilikwenda zaidi ya wiki mbili. Ilishindwa na mambo mawili: neno la mkwe ni zito, na Rosina, tangu siku ile, alikuwa anapika bila chumvi.

Mariam akarudi kutoa alichokiweka. Safari hii alifumua mishono ya nyuma, akaitoa sufi yote na kuianika kwenye mikeka chini ya chandarua, upepo usije ukaipeleka Zaire kwa mara ya pili. Velveti aliisuuza kwa maji ya ukwaju, akaisuuza tena kwa maji matupu. Ukwaju, anasema, humaliza ukali wa kombo, kama vile kombo inavyomaliza uchachu wa mboga. Hilo nalo kila mpishi analijua.

Lakini kombo iliyojificha kwenye kitambaa haionekani, haina harufu. Kuna njia moja tu ya kujua kama bado ipo, na ndiyo anayotumia mpishi.

Draku alitoka ofisini siku moja jioni akamkuta mwoshaji wake amepiga magoti sebuleni, ameinamia mkono wa kochi, anauramba.

"Mama Mariam," alisema, "unafanya nini?"

"Bado kidogo, Bwana Karani. Upande ya kushoto inauma."

Watoto wa jirani walikuwa dirishani. Kabla ya chakula cha jioni, kilima chote kilikuwa na habari kwamba makochi ya Draku sasa yanaliwa. Mariam alisuuza tena, akaramba tena. Anasema ilifika siku ulimi wake haukuwa na habari ya kitu chochote, hata pilipili, na ikabidi amwombe Rosina amsaidie upande wa kulia. Rosina aliramba. Mwanamke anayetaka kuolewa hufanya mengi.

Velveti ilipoacha kuuma, sufi ilirudishwa, mishono ikafungwa, na jiko la mkaa likakaa sebuleni mpaka jana.

Ndiyo maana asubuhi hii Mariam anakaa na kusimama, anakaa na kusimama, na shuka linabaki jeupe.

Saa nane wazee wa Dadamu wanafika, na mvua inafika nao. Ni watano wale wale, kwa suruali zile zile za kaki. Wanakaribishwa. Hawaketi. Mzee Okuonzi anayatazama makochi, kisha anamtafuta kwa macho mama aliyejibanza karibu na mlango wa jikoni.

"Mwana yangu," anamwambia. "Wewe kaa kwanza."

Mariam anavuka sebule na kuketi katikati ya kochi kubwa, akidhani anajaribisha kiti. Kabla hajainuka, Mzee Okuonzi ameketi kulia kwake na Ocokoru kushoto, na mazungumzo yamefunguliwa kwa sala. Hakuna njia ya adabu ya mwanamke kuinuka katikati ya wazee mahari yakisemwa. Kwa hiyo Mariam Poni, Mwislamu wa Midia, anabaki pale, amebanwa katikati ya ujumbe wa Walugbara Wakatoliki, akimwozesha mtoto wao.

Msemaji wa familia anahesabu upande wa wageni na kupata sita. Anahesabu tena. Anaendelea. Inapofikia suala la ng'ombe wa mjomba, anauliza kama upande wa pili wote wanakubali, na macho yote yanamwangukia huyo wa sita. Mariam anasema hana ugomvi na ng'ombe.

Hasikii mengi zaidi ya hapo. Uso wake umewaelekea watu, lakini mwenyewe anasikiliza chini. Mvua inapiga bati. Muda ule ulioharibu mara ya kwanza unakaribia, unafika, unakaa. Mzee Okuonzi anaegemea kidogo kushoto, kidogo kulia. Nyuma ya pazia kuna mtu anayepumua kwa nguvu.

"Wakwe zetu," anasema msemaji. "Tusimame."

Kwa kitambo hakuna kinachotokea. Kisha Mzee Okuonzi anaweka mkono kwenye bega la Mariam, kama mtu anayeshuka kwenye baiskeli, na anasimama. Ocokoru anasimama. Watatu waliobaki wanasimama. Mikono mitano ya kulia inapita nyuma, polepole, kama ya watu wanaotafuta leso, na kurudi mbele mikavu.

Wazee wanatoka uani kushika masikio ya mbuzi. Shangazi zake Rosina wanapiga vigelegele. Draku anatokea nyuma ya pazia, anamkuta Mariam bado ameketi, bado anasikiliza chini. Safari hii hasemi sentensi nzima. Anasema, "Asante, mama," na kutoka nje kwenye mvua bila mwavuli.

Kufikia alasiri, wanawake wawili wa kilimani wamekwisha kumfuata jikoni. Mmoja ana seti ya kijani iliyomwagikiwa maziwa. Mwingine anataka kujua kama ni kweli anaramba, na kama ni kweli, anaweza kuja Jumanne. Mariam amekubali kazi zote mbili. Kombo itakwenda kwa povu tu, ukwaju utafuata, na ulimi utakuwa wa mwisho.

Mpango wake ni kurudi Koboko. Wafanyabiashara wa huko wameanza tena kununua makochi, na wakimbizi wanaoingia kutoka Sudan wamejaa wanawake wanaojua kupika kombo kuliko yeye. Anataka chumba kimoja karibu na soko, chenye paa zuri na dari, ambamo sufi inaweza kukauka hata mwezi wa nane, na wanawake watatu wanne wa kuanza nao. Mwenye chumba ameshampata. Wanabishana juu ya paa.

Harusi ya Rosina imewekwa Januari, katikati ya kiangazi, kwa ombi maalumu la upande wa bwana harusi. Mariam amealikwa. Ameshasema atakwenda, na amemwomba Draku kitu kimoja.

"Nimeomba mkeka," anasema, akifungua shuka lake jeupe na kulikunja. "Leo nimekaa kochi toka asubuhi, mgongo yote inauma. Siku ya harusi mimi nataka kukaa kama mutu, siyo kama fundi."